Masika yameingia, wazazi wako shamba: Watoto tumemwachia nani?

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, ambaye kwa rehema Yake huteremsha mvua, ardhi iliyokauka ikarejea uhai wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo tunapenda kuzungumza na wazazi wa Kiislamu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, na hasa wale wa Kivukoni, mahali ambapo jina lake lenyewe linaeleza historia yake, kwani hapo ndipo watu walipovukia Mto Kilombero kwa miaka mingi wakielekea Lupiro na Mahenge. Tunayoyasema yanawahusu pia ndugu zetu wa Rufiji, Kyela na Usangu, na kila mahali ambapo mpunga ndio uhai wa watu. Mazungumzo yetu ni juu ya kikao cha wazazi na walimu wa shule ya msingi, jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, na juu ya mtoto anayebaki nyumbani peke yake wakati wa masika, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu atakayeliona dogo.

Anayelifahamu bonde hili hahitaji kuelezwa mwaka unavyokwenda. Mvua za kwanza zikidondoka, kuanzia Novemba na Desemba, watu huanza kusafisha mashamba. Mpunga ukishapandwa, familia nyingi hufunga safari, zikachukua sufuria, jembe, mikeka na vyandarua, zikahamia shamba. Huko hujengwa kibanda, na pengine dungu la kulindia ndege, na watu hukaa miezi mingi hadi mavuno ya Juni na Julai. Hawafanyi hivyo kwa kupenda. Mashamba yako mbali, mengine ng'ambo ya mto katikati ya mbuga, na ardhi hiyo hufunikwa na maji kuanzia Machi hata Mei, njia zikapotea na mtumbwi ukawa ndio usafiri. Mpunga usiopaliliwa humezwa na magugu, na mpunga usiolindwa huliwa na ndege, nguruwe pori na viboko. Mkulima anayelala mjini akitegemea kwenda shamba na kurudi kila siku hatavuna kitu.

Basi watoto hufanywaje? Wadogo wasioanza shule hubebwa mgongoni wakaenda na mama zao. Wale wa shule ya msingi hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza huchukuliwa shamba pamoja na wazazi, na shule ikawa ndio basi mpaka mavuno. Fungu la pili hubaki nyumbani ili wasome. Wenye bahati hubaki na bibi au shangazi. Wasio na bahati hubaki wenyewe kwa wenyewe: msichana wa darasa la sita au la saba anakuwa ndiye mama wa nyumba, akiwapikia wadogo zake wawili au watatu, akiteka maji, akifunga mlango usiku. Baba au mama huja mara moja kwa wiki mbili, akaacha kibaba cha mchele na fedha kidogo ya mboga, akarudi. Maji yakijaa, hata hiyo mara moja haipatikani.

Daraja jipya limetusaidia sana, na ni haki kulisema hilo. Kabla yake tulitegemea kivuko, na sote tunakumbuka Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipopinduka usiku kwa upepo na mvua, tukapoteza ndugu zetu. Mei 2018 daraja la mita 384 lilizinduliwa rasmi na kupewa jina la Rais Magufuli, na tangu hapo mtu wa Kivukoni anavuka kwa miguu yake saa yoyote aitakayo. Lakini daraja linaunganisha barabara na barabara, halimfikishi mtu kwenye kibanda chake kilicho katikati ya mbuga iliyojaa maji. Na masika ya mwaka 2024 yametukumbusha kuwa hata mjini Ifakara penyewe maji huingia ndani ya nyumba. Mtoto aliyeachwa peke yake katika nyumba inayoingia maji usiku, atamwita nani?

Ndugu zangu, hatuandiki haya kuwalaumu wakulima. Kutafuta riziki ya halali ni ibada, na mzazi anayekaa matopeni miezi sita ili watoto wake wale ana ujira mkubwa mbele ya Mola wake. Zaidi ya hayo, tunao ushahidi kwamba wazazi wa bonde hili ni watu wenye kujali. Watafiti waliofanya kazi pamoja na Taasisi ya Afya ya Ifakara walizichunguza familia zinazohamia mashambani, wakatoa matokeo yao mwaka 2008, na walikuta kuwa takriban wote waliohamia huko walilala ndani ya vyandarua. Yaani katika mizigo yote ya safari, chandarua hakisahauliwi. Watu walielimishwa juu ya mbu, wakaelewa, wakatenda. Tunachouliza ni kwa nini kwa yule aliyebaki nyumbani hatujafanya matayarisho yanayolingana na hayo.

Wengine husema: tumemwachia Mungu. Neno hili ni zuri, na Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Imam Muslim, alikuwa akiomba dua ya safari ambayo ndani yake anamtaja Allah (S.W.) kuwa ndiye Sahibu wa safarini na ndiye Msimamizi wa watu wa nyumbani nyuma ya msafiri. Kila anayekwenda shamba na aisome dua hiyo. Lakini ni Mtume huyohuyo aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Na mwenye kutoa hoja ya Nabii Ibrahim (A.S.), aliyemwacha mwanawe Ismail katika bonde lisilo na mmea, na aisome habari hiyo hadi mwisho katika Sahihi ya Bukhari, kwa mapokezi ya Ibn Abbas. Ataona kuwa ilikuwa amri ya Allah, kuwa mtoto aliachwa pamoja na mama yake, kuwa waliachiwa mfuko wa tende na kiriba cha maji, na kuwa baba alirudi baadaye mara kwa mara kuwatazama.

Qur'ani imetupa mifano miwili iliyo karibu zaidi na hali yetu. Wa kwanza ni wa mama yake Nabii Musa (A.S.). Mama huyu alilazimika kumtia mwanawe katika sanduku na kumwacha mtoni, naye alikuwa ameahidiwa na Mola wake kwamba mtoto atarudishwa kwake. Ahadi gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Hata hivyo, katika Surat al-Qasas aya ya 11 tunasoma kuwa alimwambia dada yake Musa amfuatie, naye akamtazama kwa mbali bila watu kutambua. Mama mwenye ahadi ya Mwenyezi Mungu mkononi bado aliweka jicho la kumwangalia mtoto. Sisi tusio na ahadi ya namna hiyo tunaondoka bila kuweka jicho lolote.

Wa pili ni wa Bibi Maryam (A.S.). Alipokuwa mdogo, watu wema wa wakati ule waligombea kumlea hadi wakapiga kura kwa kalamu zao, kama ilivyotajwa katika Surat Aal Imran aya ya 44, na kura ikamwangukia Nabii Zakariya (A.S.). Tazama, mzigo wa kumlea mtoto wa mwenzao waliugombea! Kisha katika aya ya 37 ya sura hiyo tunaelezwa kuwa Zakariya kila alipoingia kwa Maryam katika mihrabu alikuta kwake chakula, naye akamuuliza kimetoka wapi. Jibu la Maryam lilikuwa la ukweli na utukufu, kwamba kimetoka kwa Allah. Wafasiri wamesema mengi juu ya karama hiyo. Mimi naomba msomaji atazame jambo jingine lililo wazi ndani yake, nalo ni mwenendo wa mlezi. Anaingia mara kwa mara, anaona kitu kipya, anauliza kimetoka wapi. Hakunyamaza kwa sababu binti ni mcha Mungu. Sasa binti yetu wa miaka 13 aliyebaki peke yake anaonekana na simu, au viatu vipya, au ananukia marashi ambayo mama yake hajayanunua, na majirani wote wanaona na hakuna hata mmoja anayeuliza. Kila mtu anasema si wangu.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Kila mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha katika maeneo ya kilimo anajua kwamba baadhi ya mabinti walioacha masomo kwa ujauzito walikuwa wakilala katika nyumba isiyo na mtu mzima. Sheria zipo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Na Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu hiyo warejee shuleni. Zote mbili zina nafasi yake, lakini zote mbili hufanya kazi baada ya jambo kutokea. Kinachoweza kufanya kazi kabla ni watu wa karibu kukaa pamoja na kujua nani yuko wapi, na mahali pa kufanyia hilo tayari pako. Ni kikao cha wazazi na walimu.

Kila shule ya msingi ya Serikali ina kamati yake, ambayo mwalimu mkuu ndiye katibu wake na wazazi wamo ndani yake. Aidha, shule nyingi zina mkutano mkuu wa wazazi, na katika baadhi ya mikoa umeanzishwa umoja wa wazazi na walimu, maarufu kwa kifupi UWAWA, wenye wajumbe kutoka miongoni mwa wazazi wa madarasa. Jina si muhimu. Muhimu ni nani huhudhuria, na hapa Waislamu tuseme kweli hata kama inauma. Katika mikutano hiyo utawaona kina mama wachache, wazee wawili watatu, na mwenyekiti wa mtaa. Kina baba hawaonekani. Kwenye kisomo cha hitima tunajaa, kwenye Maulidi tunajaa, na hayo ni mambo ya heri; kwenye kikao cha shule ambako mwanao hukaa saa saba kila siku, tunatuma salamu.

Sababu moja ya udhaifu huu ni namna tulivyoelewa elimu bila malipo. Ada ya shule za msingi ilipofutwa chini ya mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002, na michango mingine ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, wengi tulifahamu kuwa shule sasa ni mali ya Serikali na mzazi amepumzishwa. Babu zetu na baba zetu wa miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, walifyatua tofali na kusomba mchanga, kwa hiyo kila ufa wa ukuta waliujua. Sisi tunapita barabarani tu. Ukweli ni kwamba utaratibu wa mwaka 2016 ulipoanza, shule ilitengewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni moja kwa moja. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe aone kama fedha hiyo inaweza kumnunulia mtoto uji. Ndiyo maana waraka wa mwaka huohuo ulioeleza majukumu uliacha sare, daftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi.

Sababu ya pili ni nyeti kidogo. Wapo ndugu zetu wanaosema walimu wengi si Waislamu, shule imezungukwa na watu wa dini nyingine, basi tukaseme nini kule. Ifakara ni mji wenye Wakristo wengi na taasisi zao kongwe, hilo halifichiki, na tunaishi nao kwa wema. Lakini Mtume wetu (S.A.W.), baada ya vita vya Badr, aliwakubalia mateka wasiokuwa na fidia wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika, kama ilivyopokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kutoka kwa Ibn Abbas. Hao walikuwa washirikina tena maadui wa vitani, ilhali mwalimu wa mwanao ni jirani yako anayemfuta mwanao kamasi. Na tunalalamika kuwa watoto hawapati elimu ya dini shuleni, hali ratiba ina kipindi cha dini, na mara nyingi mwenzetu hupeleka katekista, sisi kipindi kinapita watoto wetu wakicheza chini ya mwembe kwa sababu hatujampeleka ustadhi. Hilo nalo huzungumzwa kikaoni, na asiyekuwepo hana wa kumlaumu.

Tena ziko habari zinazopita huku mzazi yuko shamba. Chukua hii moja. Kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, elimu ya msingi imekuwa ya miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa darasa la saba wa mtaala wa zamani nao wanamaliza. Mzazi anayedhani mwanawe bado ana mwaka mmoja mbele atashtuka, na atakuwa hajajiandaa kwa sare wala kwa safari ya sekondari. Habari kama hizi hutangazwa kikaoni.

Basi kikao chenyewe kifanyweje? Jambo la kwanza ni wakati. Kikao kinachoitishwa Machi, katikati ya masika, kinaitishwa kwa ajili ya viti. Katika bonde hili mkutano mkubwa unafaa uwe Novemba, kabla watu hawajaondoka, na mwingine baada ya mavuno. Na usiwekwe Ijumaa adhuhuri. Walimu wakuu wengi wataelewa wakiambiwa kwa adabu, nao wanapoweka siku hiyo mara nyingi hufanya hivyo kwa kutokujua.

Katika kikao cha Novemba iandikwe orodha. Darasa kwa darasa, kila mzazi aseme: masika haya mwanangu atabaki au ataondoka, na akibaki atakuwa na nani. Jina la mlezi liandikwe, na nyumba yake ijulikane. Namba ya simu ya mzazi pekee haitoshi, kwa kuwa huko mbugani mtandao ni wa kubahatisha na betri huisha. Anatakiwa mtu mzima aliye mjini, anayefikika kwa miguu, ambaye mwalimu akiona mtoto hajafika siku mbili atamwendea. Na kwa mabinti tuseme waziwazi: binti asibaki katika nyumba isiyo na mwanamke mtu mzima anayeaminika. Familia tatu zinazokwenda shamba zinaweza kukubaliana watoto wao wakalala kwa mama mmoja aliyebaki, na kila familia ikamletea mama huyo sehemu ya chakula. Hii si dhana ngeni kwetu, ni ujirani uleule wa zamani tuliouacha ulegee.

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Malik bin al-Huwayrith (R.A.) kwamba yeye na vijana wenzake walikaa kwa Mtume (S.A.W.) siku ishirini wakijifunza. Mtume akahisi kuwa wameshawatamani watu wao, akawauliza ni nani waliowaacha nyuma yao, wakamweleza, naye akawaruhusu warudi. Hapo anaonekana mwalimu anayeona huzuni katika uso wa mwanafunzi bila kuambiwa, tena anauliza habari za nyumbani. Walimu wetu, wa shule na wa madrasa, wanalo la kujifunza hapo. Mtoto anayelala darasani Machi huenda hajala tangu jana. Mtoto anayechelewa huenda alikuwa akimwandaa mdogo wake. Kumchapa kabla ya kumuuliza ni dhulma. Na ustadhi wa madrasa, ambaye huwaona watoto haohao jioni, ana habari ambazo mwalimu wa shule hana: nani hajaoga wiki nzima, nani ameacha kuja, nani anasindikizwa na kijana asiyefahamika. Kwa nini wawili hawa hawafahamiani hata majina? Kamati ya msikiti na kamati ya shule zikikutana mara moja tu mwanzoni mwa msimu, orodha zao zikalinganishwa, nusu ya kazi imekwisha.

Ramadhani nayo imeingia katika hesabu hii. Mwaka 2025 na 2026 mwezi mtukufu umeangukia katikati ya msimu wa kilimo, na miaka inayofuata utarudi nyuma kuelekea Januari, bado tukiwa shamba. Mtoto aliyebaki peke yake na anayejifunza kufunga ataamshwa na nani ale daku? Futari yake iko kwa nani? Misikiti yetu hufuturisha wapita njia, alhamdulillahi. Na watoto hawa wahesabiwe miongoni mwa wa kwanza.

Chakula cha shuleni ndicho jambo linaloleta ugomvi katika kila mkutano, na kwa maoni yetu chanzo kikubwa ni kuchagua wakati mbaya. Mkulima anaombwa mchango wa fedha Januari au Februari, wakati ghala limekwisha na yeye mwenyewe anakopa. Hapo hata mwenye nia njema atakimbia. Mchango uombwe Juni na Julai, tena uombwe kwa mpunga. Mtu aliyevuna hahisi uzito wa kutoa debe moja au mawili kwa ajili ya mwanawe wa mwaka ujao, na hatutaki nipe nikupe za fedha zinazozua maneno. Shule itafute mahali pakavu pa kuhifadhi, wazazi wateue wawili wa kushika ufunguo, na kila gunia linalotoka liandikwe mbele ya watu. Kinachoua michango yetu ni daftari lisiloonekana.

Tutahadhari katika jambo moja la kifiqhi, maana tumeulizwa. Je, mpunga wa shule uhesabiwe kuwa zaka? Allah (S.W.) katika Surat al-An'am aya ya 141 ametuamrisha kutoa haki ya mazao siku ya kuyavuna, na mpunga unaopata maji ya mvua hutolewa sehemu moja ya kumi unapofikia kiwango. Kiwango cha nafaka ni wasaki tano, na mpunga uliohifadhiwa ndani ya maganda yake wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameukadiria kwa wasaki kumi, kwa kuwa maganda huchukua nafasi. Lakini wanaostahiki zaka ni makundi manane yaliyotajwa katika Surat at-Tawba aya ya 60. Chungu cha shule wanakula wote, tajiri na masikini, kwa hiyo debe la mwanao ni wajibu wako wa kumlisha mwanao, na ukizidisha ni sadaka. Zaka na ikamlipie debe lake yatima na mtoto wa fukara wa Kiislamu, apewe mlezi wake, naye ampelekee shuleni. Hivyo kila kitu kitakuwa mahali pake.

Wapo watakaouliza kama tunataka watoto wasiguse jembe. La hasha. Shamba ni madrasa pia, na mtoto wa bonde hili asiyejua kupalilia amepungukiwa. Likizo na mwisho wa wiki, pale njia inapopitika, aende akawaone wazazi wake, alale dunguni, ale samaki wa mbugani, amsikilize babu yake. Hiyo ndiyo shughuli ya familia yetu na ina baraka kubwa. Kinachokatazwa ni kumtoa darasani miezi miwili akaamie ndege mpunga unapotoa mashuke, kisha tukashangaa Septemba anaposhindwa mtihani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtelekeza. Kabla ya sheria hizo, Mtume (S.A.W.) alikwishasema, kama alivyopokea Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Amr, kuwa yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale walio chini ya ulezi wake.

Na masika hayahaya ndio wakati wa kupanda miti. Shule nyingi za bonde zina uwanja mpana usio na kivuli. Jumamosi moja, wazazi waliobaki, walimu na watoto wakipanda miembe na mifenesi mistari miwili, kila mti ukapewa mtoto wa kuutunza, itakuwa siku njema kwa familia zote, na hadithi ya Anas (R.A.) juu ya thawabu ya Muislamu anayepanda mti wanaoula watu, ndege na wanyama inajulikana kwa kila aliyesoma madrasa. Siku kama hiyo huwaleta hata wale wanaoogopa neno kikao.

Limebaki suala la bibi. Walezi wengi wa masika ni bibi zetu, na wengi wao hawasomi. Barua ya shule iliyotiwa mfukoni mwa mtoto haiwafikii, au huwafikia ikisomwa na mtoto mwenyewe, naye husoma anachotaka. Shule imteue mzazi mmoja kwa kila mtaa apite nyumba hizo kwa mdomo wake, akiwa na orodha ya Novemba mkononi, angalau mara moja kila wiki mbili hadi mavuno. Akifika, asiishie mlangoni kuulizia mahudhurio. Aingie, aamkie, atazame chungu, atazame afya ya bibi mwenyewe, kwani mara nyingine ni bibi anayelelewa na mtoto, na hilo wazazi walioko mbugani hawalijui.

Wabillahi tawfiq.